Historia ya Kidakuzi

Yapo makosa ambayo mtu huyatenda kwa nia njema, tena kwa ustadi, na kwa sababu hiyo huishi nayo miaka mingi bila kuyaona. La kwangu lilikaa miaka saba. Kabla sijalieleza ni lazima nieleze lilikotoka, maana halikuanzia kwangu. Lilianzia California mwaka 1994, katika ofisi ya vijana waliokuwa na haraka, nami niliokota tu kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kuenea duniani kote.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Niliingia katika kazi hii nikiwa mfuasi wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na yeyote aweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa upya. Sikuingia huko kwa falsafa, niliingia kwa ukata. Programu za kununua zilikuwa ghali, na zile za kunakili kwa wizi zilikuja na virusi. Falsafa ilifuata baadaye, na nakumbuka vizuri ilivyofika. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi inayozungumza Kiswahili. Nilipoifungua na kuona menyu zimeandikwa kwa lugha ya mama yangu, nilikaa kimya kidogo. Hakuna kampuni iliyokuwa imepigiwa magoti. Msimbo ulikuwa wazi, leseni iliruhusu, watu wakaketi wakatafsiri. Tangu siku hiyo nikawa mhubiri, na wenzangu kazini walinichoka.

Mahubiri yangu yalikuwa hivi: msimbo ukiwa wazi, na viwango vya wavuti vikiwa mali ya wote, basi siri za watu zitalindwa, kwa kuwa hakuna wizi unaoweza kufanyika mahali penye mwanga. Nilisema hivyo kwa miaka mingi, na nusu ya kwanza bado naisema.

Wavuti, yaani ule mfumo wa kurasa zilizounganishwa ambao watu wengi huuita intaneti tu, ilizaliwa CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva. Mwingereza Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake Machi 1989, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 alikuwa na seva ya kwanza na kivinjari cha kwanza, yaani programu ya kufungulia kurasa, vikifanya kazi. Lakini tarehe ninayoipenda kuliko zote ni 30 Aprili 1993. Siku hiyo CERN ilitoa tamko kwamba programu za wavuti zimeachwa mikononi mwa umma, bila ada na bila mwenyewe. Msomaji aweza kuliona jambo hilo dogo. Alitazame kwa kulinganisha na lile la Chuo Kikuu cha Minnesota, kilichokuwa na mfumo wake uitwao Gopher, tena ukitumika sana wakati huo. Mapema mwaka huohuo chuo hicho kilitangaza kwamba baadhi ya wenye seva za Gopher watalipia leseni. Ada yenyewe haikuwatisha watu sana. Kilichowatisha ni kule kujua kwamba kuna mtu anayeweza kuidai. Wahandisi wakaanza kuhama, na baada ya miaka michache Gopher ikabaki kuwa hadithi ya wazee wa fani.

Oktoba 1994 Berners-Lee akaanzisha huko MIT, Marekani, chombo cha kusimamia viwango vya wavuti, W3C. Hapo tulikuwa na kila nilichokihubiri baadaye: msimbo ulio wazi, viwango vya wote, na watu wenye heshima wakivilinda.

Lakini wavuti ile ilikuwa na kasoro moja, au tuseme tabia moja: ilikuwa sahaulifu. Hebu fikiri duka la mtaani ambalo mwenye duka husahau kila kitu mara tu unapogeuza mgongo. Unaomba sukari, anakupa. Unageuka tena kuomba majani ya chai, anakuuliza wewe ni nani, naye ndiye aliyekupimia sukari nusu dakika iliyopita. Seva za wavuti zilifanya kazi hivyohivyo. Zilijibu ombi, zikalisahau, zikajibu linalofuata kana kwamba limetoka kwa mtu mwingine. Kwa mwanafizikia anayesoma makala hilo halikuwa tatizo. Kwa anayeuza na kununua lilikuwa msiba, kwa sababu kikapu cha mnunuzi kilimwagika kila alipofungua ukurasa mpya.

Mwaka huohuo wa 1994 kampuni changa ya Netscape, iliyokuwa ikitengeneza kivinjari, ilikuwa na mteja wake, kampuni ya simu ya MCI, aliyetaka duka la mtandaoni lakini hakutaka seva zake zibebe kumbukumbu za wanunuzi ambao hawajaamua. Kazi ikamwangukia mhandisi kijana, Lou Montulli. Jawabu lake lilikuwa rahisi na zuri. Mwenye duka amwandikie mteja kikaratasi, mteja akae nacho mfukoni, na kila akirudi akionyeshe. Duka halina haja ya kukumbuka. Mteja mwenyewe ndiye anayebeba kumbukumbu.

Kikaratasi hicho Montulli alikipa jina la biskuti, kutokana na msemo wa zamani wa waandishi wa programu, nasi tukasema kuki. Watafsiri waliokuja baadaye wakatuletea kidakuzi. Neno hilo lilinichekesha mara ya kwanza, kwa kuwa masikioni mwangu linakaa jirani kabisa na udaku. Nimelizoea sasa, na kadiri historia yake ilivyokwenda nimeona kwamba aliyelichagua, kwa kukusudia au kwa bahati, alipiga palepale.

Hapa naomba msomaji asimhukumu Montulli upesi. Ilikuwapo njia nyepesi zaidi, nayo ni kukipa kila kivinjari namba moja ya kudumu, ambayo ingeonekana kila mahali mtu aendapo. Aliikataa. Aliona kwamba namba ya namna hiyo ingemwezesha yeyote kumfuata mtu kutoka tovuti hadi tovuti. Ndiyo maana akaweka sharti kwamba kidakuzi hurudishwa kwa yule tu aliyekitoa. Duka la viatu halioni kikaratasi cha duka la vitabu. Kwa hiyo si kweli, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba faragha ilisahauliwa mwanzoni na kukumbukwa baadaye. Ilifikiriwa tangu siku ya kwanza, na mtu makini, na bado ikapotea. Jambo hilo ndilo linalonifanya niandike.

Ilipotea hivi. Ukurasa wa wavuti si lazima utoke mahali pamoja. Maandishi yaweza kutoka kwenye seva moja na picha kwenye nyingine, na kivinjari huvikusanya bila kukusumbua. Basi turudi dukani. Mwenye duka amempa kijana mmoja kiti pembeni ili abandike tangazo la sabuni ukutani. Kila mteja aingiapo, kijana naye anampa kikaratasi chake. Hakisomi kikaratasi cha mwenye duka, la hasha, anasoma cha kwake tu. Lakini kijana huyohuyo amekodi kiti katika duka la dawa, na la vitabu, na kwa fundi cherehani, na katika zahanati. Kila uendapo unamkuta, unamwonyesha kikaratasi chake mwenyewe, naye anaandika daftarini: leo alikuwa kwa mwenye dawa. Sharti la Montulli halikuvunjwa hata kidogo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Mgeni huyu wa tatu hakupewa jembe, alipewa daftari.

Kilichomsaidia zaidi ni kwamba kivinjari, kinapoomba picha ile, humwambia pia anayeombwa ni ukurasa gani uliomtuma. Kipo kipengele maalumu cha kupeleka habari hiyo, na jina lake la Kiingereza lilikosewa tahajia lilipoandikwa katika viwango vya miaka ile, likapungukiwa herufi moja. Kosa lilipogunduliwa seva nyingi mno zilikuwa zimekwisha kulizoea, kwa hiyo mpaka leo kompyuta za dunia nzima huandika kosa hilo mabilioni ya mara kwa siku. Huwa nawaonyesha vijana wanaojifunza kazi hii. Wanacheka. Nami nacheka nao, ingawa kwangu hicho ni kielelezo cha jambo zima: kitu kikishaenea kikiwa kimepinda, kunyoosha ni kazi nyingine kabisa.

Kampuni ya kijana mwenye daftari ilipatikana upesi. DoubleClick ilianza New York mwaka 1996 na kwa miaka michache ikawa na kiti katika maelfu ya tovuti. Wananchi hawakuwa na habari. Vivinjari vya Netscape vilipokea vidakuzi kimyakimya, na ni gazeti la Financial Times lililowafumbua macho watu wengi kwa habari yake ya 12 Februari 1996. Kelele zikaanza, na Tume ya Biashara ya Marekani ikaitisha vikao mwaka huo na mwaka uliofuata.

Wahandisi hawakulala. Jumuiya yao ya kuandika kanuni za intaneti, IETF, ilikuwa imekwisha kuunda kikundi cha kuandika kiwango rasmi cha vidakuzi. Walioshika kalamu walikuwa David Kristol wa Bell Labs na Montulli mwenyewe. Kiwango hicho, waraka namba 2109, kilitoka Februari 1997, na ndani yake mlikuwa na sharti ambalo nikilisoma leo moyo hunidunda. Kwa maneno yetu, lilisema kwamba kivinjari kisipokee vidakuzi vya mtu wa tatu, isipokuwa mwenye kompyuta awe ameamua mwenyewe kuviruhusu. Yaani kikitoka kiwandani, kabla mkono haujagusa kitu, mlango wa kijana yule uwe umefungwa.

Kampuni za matangazo zilipinga, na sababu yake inaeleweka, kwa kuwa biashara yao yote ilipita mlangoni humo. Lakini hawakuwa na haja ya kupinga sana. Waliokuwa na ufunguo walikuwa wawili, Netscape na Microsoft, na wote wawili waliliacha sharti hilo lilale katika karatasi. Vivinjari vyao viliendelea kuja vikiwa wazi kwa mtu wa tatu. Waraka uliofuata, wa Oktoba 2000, ulilirudia sharti lilelile, na haukufuatwa vilevile. Mwaka 2011 jumuiya ikachoka, ikatoa waraka wa tatu uliokubali kueleza mambo yalivyo badala ya yanavyopaswa kuwa. Suala la mtu wa tatu likaachiwa watengenezaji wa vivinjari waamue wenyewe. Mimi niliyekuwa nikihubiri viwango kana kwamba ni sheria ya nchi, sikuwa nimeisoma historia hii. Kiwango hakina polisi. Kinafuatwa na yule anayenufaika kukifuata.

Montulli ameeleza baadaye kwa nini Netscape haikufunga mlango. Hoja yake ni kwamba wafuatiliaji wangetafuta njia nyingine iliyofichika zaidi, na afadhali kidakuzi, ambacho mtu aweza kukiona na kukifuta. Nimeifikiria hoja hiyo mara nyingi, na kila mara nusu yangu hukubali. Kweli leo wapo wanaomtambua mtu kwa ukubwa wa kioo chake, aina za herufi zilizomo katika kompyuta yake na majira ya saa aliyoweka, bila kumwachia kikaratasi chochote cha kufuta. Nusu ya pili huuliza: ni watu wangapi mwaka 1997, au mwaka wowote, walijua kwamba kuna kitu cha kufuta? Mama muuza duka aliyefungua kompyuta kwa mara ya kwanza hakupewa hiari. Alipewa kompyuta jinsi ilivyokuja.

Sasa tuje kwenye imani yangu ya programu huria, maana nayo ilipata mtihani wake, na mtihani wenyewe ulikuwa wa haki. Netscape, ikiwa inazidiwa na Microsoft, iliufungua msimbo wa kivinjari chake 31 Machi 1998. Kutokana na tendo hilo ulizaliwa mradi wa Mozilla, na tarehe 9 Novemba 2004 ikatoka Firefox 1.0. Sisi waumini tulishangilia. Kivinjari cha watu wote kimepatikana, kila mstari uko wazi. Na mstari ule wa kuamua kama mtu wa tatu apewe mlango ulikuwamo humo, ukisomeka na yeyote. Uliachwa wazi kwa mtu wa tatu mpaka mwaka 2019.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mapema mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jonathan Mayer, aliandika mabadiliko machache ya msimbo yaliyofunga mlango huo katika Firefox, akayapeleka Mozilla, nayo yakapokelewa kwa majaribio. Tazama uzuri wa programu huria hapo: mwanafunzi mmoja, bila cheo, anaweza kuugusa msimbo unaotumiwa na mamia ya mamilioni ya watu. Kisha tazama upande wake wa pili. Vyama vya watangazaji vilipiga kelele, na tovuti kadhaa zilionekana kusumbuka. Ilipofika Mei mwaka huo Mozilla ikasema mabadiliko yanahitaji muda zaidi. Muda huo ulikuwa miaka sita. Isisahaulike kwamba sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla ilikuwa ikitoka katika mikataba na kampuni za utafutaji, hasa Google. Na Google ilikuwa imekubali mwaka 2007 kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, ununuzi uliokamilika Machi 2008. Sisemi kwamba mtu alipiga simu akatoa amri. Sina haja ya kusema hivyo. Mpangaji hujua tabia ya mwenye nyumba bila kuambiwa.

Aliyefunga mlango mapema ni kampuni ambayo sisi waumini tulikuwa tukiisema vibaya kwa kufungia msimbo wake, Apple. Kivinjari chake cha Safari, kilichotangazwa Januari 2003, kilikataa vidakuzi vya mtu wa tatu tangu mwanzo. Utamu wa hadithi ni kwamba injini ya Safari haikutoka Apple. Ilitokana na KHTML, kazi ya wanaharakati wa programu huria wa mradi wa KDE. Kutokana na Safari ikatokea WebKit, na kutokana na WebKit Google ikaanzia Chrome yake ya Septemba 2008. Ukoo mmoja, msimbo ulio wazi, damu moja, na bado mtoto mmoja kafunga mlango na mwingine kauacha wazi. Tofauti haikuwa katika uwazi wa msimbo. Ilikuwa katika anayelipwa na nani. Apple iliuza kompyuta na simu. Google iliuza matangazo. Mwaka 2012 ilibainika kwamba Google ilikuwa ikiuzunguka hata mlango wa Safari uliofungwa, na ikalipa faini ya dola milioni 22.5 nchini Marekani.

Kuna kisa kingine ambacho siwezi kukiruka, ingawa kinaniumiza. Kuanzia mwaka 2009 watafiti kadhaa walipendekeza kivinjari kipeleke alama ndogo yenye maana ya kwamba mwenye kompyuta hataki kufuatiliwa. Si kufuli, ni ombi tu, kama kibao cha «usiingie» kwenye geti lisilo na komeo. W3C ikaunda kikundi cha kulitengeneza liwe kiwango. Mwaka 2012 Microsoft ikatangaza kwamba kivinjari chake kipya kitaipeleka alama hiyo bila kusubiri mtu aiwashe. Watangazaji wakasema basi haina maana, kwa kuwa haionyeshi hiari ya mtu. Na Roy Fielding, mmoja wa wahandisi wakubwa wa wavuti, akaingiza katika Apache, seva huria ninayoipenda kuliko zote, mpangilio wa kuipuuza alama hiyo ikitoka katika kivinjari hicho. Alikuwa na hoja ya kiufundi, kwamba kiwango kinataka alama iwe uamuzi wa mtu mwenyewe. Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Lakini jiulize, msomaji: kufuatiliwa bila kuulizwa hakukuhesabiwa kuwa kasoro ya hiari, ila kutofuatiliwa bila kuulizwa kulihesabiwa. Kikundi cha W3C kilifungwa Januari 2019 bila alama hiyo kuwa kiwango chenye nguvu.

Nimekwisha kusema mengi juu ya wengine. Sasa niseme langu.

Mwaka 2011 hospitali moja, ambayo sitaitaja, iliniomba niitengenezee tovuti. Niliifanya kazi hiyo kwa fahari. Mfumo wa seva ulikuwa Linux, seva yenyewe Apache, kila kitu huria, kila ukurasa ukifuata viwango vya W3C bila kosa hata moja. Kulikuwa na kurasa za kliniki ya wajawazito, za kifua kikuu, za upimaji wa virusi vya UKIMWI, zote kwa Kiswahili kizuri alichokisahihisha muuguzi mmoja mstaafu. Uongozi ukaomba vitu viwili vya nyongeza: kitufe cha kuonyesha kwamba mtu ameipenda tovuti katika mtandao wa kijamii, na kihesabu cha wageni. Vyote viwili vilipatikana bure kwa kunakili mistari michache. Nilinakili. Ilichukua kama dakika kumi, nyingi zikiwa za kuchagua rangi.

Mwaka 2018 sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika, kila kampuni niliyowahi kuipa anwani yangu iliniandikia barua. Nilizisoma chache, kwa uvivu, kisha jioni moja nikaamua kutazama kazi zangu mwenyewe. Nikaifungua tovuti ya hospitali katika kivinjari changu, nikawasha kidirisha kinachoonyesha kila ombi linalotoka, nikabofya ukurasa wa upimaji wa UKIMWI.

Maombi yalitoka kwenda kwa mtandao wa kijamii hata kabla sijagusa kitufe chochote. Yalibeba kidakuzi changu, kile ambacho mtandao ule ulinipa nilipoingia kwa jina langu kamili na picha yangu. Yalibeba anwani nzima ya ukurasa niliokuwa nikiusoma, na katika anwani hiyo nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa utaratibu mzuri niliojivunia, maneno upimaji na ukimwi. Siku hizi vivinjari vingi huikata anwani hiyo likabaki jina la tovuti tu. Wakati ule ilikwenda yote. Kila mgonjwa aliyeufungua ukurasa ule kwa miaka saba, akiwa ameingia katika mtandao wa kijamii kama watu wengi tulivyokuwa, alitangulizwa na kikaratasi chenye jina lake. Labda usiku, chini ya shuka, akiwa na hofu. Alikuwa amechagua kusoma kwenye simu hasa ili asionekane akiuliza.

Kwamba habari hizo zilitumiwa vibaya siwezi kudai. Wala hakuna sheria ya nchi niliyoivunja. Kenya ilipata sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Nilichokifanya kilikuwa halali, tena cha kawaida, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye dakika mbili za kuutazama. Hakuna aliyeutazama, nikiwamo mimi niliyeuandika. Hayo ndiyo maana ya mwanga niliyokuwa nikiihubiri.

Tangu hapo milango imekuwa ikifungwa, polepole. Safari iliongeza ulinzi wake mwaka 2017 na kuwa mkali zaidi Machi 2020. Firefox ilianza kufunga kwa kila mtu Septemba 2019, mwanzoni kwa wafuatiliaji wanaojulikana tu. Chrome, inayotumiwa na watu wengi kuliko vyote, iliahidi Januari 2020 kuviondoa vidakuzi vya mtu wa tatu ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikasema haitaviondoa. Miaka 27 baada ya waraka wa Kristol na Montulli, na msimbo unaoijenga Chrome ukiwa wazi kwa sehemu kubwa.

Nilipiga simu hospitali kesho yake asubuhi. Aliyepokea alikuwa mama wa ofisi ya kumbukumbu, mtu mzima, ambaye hata mwaka 2011 ndiye aliyekuwa akinipa chai.

«Shikamoo mama.»

«Marahaba mwanangu. Tovuti imeharibika?»

Nilimwambia haikuharibika, ila kuna vitu viwili nataka kuvitoa, nikamweleza kwa mfano wa kijana mwenye kiti na daftari. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, «Na huyo kijana alikuwa anakaa mlango gani? Wa wodi, au wa chumba cha kupimia?»

«Yote, mama.»

Alinyamaza. «Mtoe,» akasema. Kisha akakumbuka kwamba mganga mkuu hutaka idadi ya wageni wa tovuti kila mwisho wa mwezi, akaniuliza wataipata wapi sasa. Nikaingia kwenye seva huku yeye yuko kwenye simu. Apache huandika yenyewe kila ukurasa unaoombwa, katika faili ya kawaida isiyotoka nje ya seva. Nikaandika amri moja fupi, hesabu ya mwezi ule ikaja. Nikamsomea, akaiandika. Faili hiyo ilikuwapo palepale tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu aliyewahi kuifungua.